Chumba cha kunyonyesha kipo, ufunguo anao nani?

Agosti 7, 2019, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa la Kenya akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Hakukaa muda mrefu. Christopher Omulele, aliyekuwa ameshika kiti cha Spika siku hiyo, alimtaka atoke na arudi akiwa peke yake. Kelele zilizuka na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye. Nje, mama huyo aliwaeleza waandishi wa habari kwamba alipata dharura, hakuwa na mahali pa kumwacha mtoto, na kwamba kama Bunge lingekuwa na chumba cha watoto, angemwacha humo.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, inayoadhimishwa kila mwaka kuanzia Agosti 1 hadi 7. Miaka miwili kabla yake, Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ambayo kifungu chake cha 71 kinamtaka kila mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi.

Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Lakini mama yeyote aliyewahi kurudi kazini matiti yakiwa yamejaa alikielewa kisa kile bila kuelezwa. Yaliyotokea bungeni hutokea benki, kiwandani, shuleni na hata hospitalini. Sheria ipo, sera ya kampuni ipo, pengine imebandikwa ukutani kwa rangi nzuri. Ila saa nne asubuhi, maziwa yanapoanza kulowesha blauzi, hakuna anayejua mama aende wapi, au nani amshikie nafasi yake.

Kalenda mbili zisizokutana

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, kwa miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, inatoa miezi 3 kwa mshahara kamili. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni kama wiki 26. Kati ya kalenda ya kliniki na kalenda ya ofisi pana wiki 14, na hizo ni kwa mama aliyefanya kazi hadi siku ya uchungu. Sheria ya Tanzania inaruhusu likizo kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio. Aliyeanza mapema hivyo, kwa sababu ya miguu kuvimba au presha, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 tu.

Mwili nao haujui habari za mkataba. Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya au mama akikamua, mwili unapokea taarifa kwamba mengine yanahitajika. Titi likibaki limejaa kwa saa nyingi, utengenezaji unapungua. Ndiyo maana mama anayekaa kutwa nzima bila kukamua huona ndani ya wiki chache kuwa "maziwa yamekata", akadhani ana kasoro, au akaambiwa na majirani kwamba hali vizuri. Mara nyingi kilichokosekana ni dakika 20, mara mbili au tatu kwa siku. Wengine hupata maumivu makali, titi likawa gumu na jekundu, homa ikapanda, na safari ya hospitali ikafuata. Siku hiyo kampuni inapoteza siku nzima ya kazi kwa kunyima nusu saa.

Takwimu za Kenya zinatia moyo na pia zinafikirisha. Katika utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya (KDHS) wa mwaka 2008-09, watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32. Mwaka 2014 walifika asilimia 61. Huo ni mruko mkubwa, na kliniki, wahudumu wa afya ya jamii na akina bibi waliokubali kuacha kuwapa wachanga maji wanastahili pongezi. Lakini mwaka 2022 idadi ilikuwa asilimia 60. Imesimama palepale. Elimu ya kliniki imemfikisha mama hadi mlangoni mwa ofisi, na huenda sasa kikwazo kiko ndani ya mlango huo.

Utafiti uliofanywa Naivasha, mji wa mashamba ya maua na hoteli, unaelekea upande huo. Mama walioajiriwa rasmi walikuwa na uwezekano mdogo wa kunyonyesha maziwa pekee kuliko wenzao wasio na ajira rasmi. Hao ndio wenye mshahara wa kila mwezi, kitambulisho cha kazi na likizo ya kisheria. Kwa mambo mengine ya afya ya mtoto, mtu angetarajia kinyume chake.

Sera ukutani, kazi sakafuni

Kwa nini kampuni yenye wanasheria, idara ya rasilimali watu na pesa za kupaka rangi ukumbi mzima inashindwa kumpa mama dakika 20?

Jibu rahisi ni kwamba mabosi hawajali. Wapo wasiojali, ni kweli. Lakini waliosomea tabia za taasisi wana maelezo yanayofaa zaidi. Mwaka 1977 wanasosiolojia wawili, John Meyer na Brian Rowan, waliandika makala iliyokuja kuwa maarufu katika fani hiyo. Walichosema, kwa lugha ya kawaida, ni kwamba taasisi inaposukumwa na serikali, jamii au wafadhili, mara nyingi hubadilisha kile kinachoonekana kwa nje: inaandika sera, inaunda kamati, inatenga chumba. Kazi yenyewe ya kila siku inaendelea kama zamani, na vitu hivyo viwili vinatenganishwa makusudi visigongane. Mkaguzi akija anaoneshwa chumba, na uzalishaji unabaki vilevile.

Mtu akitembea ofisini na maelezo hayo kichwani ataona mengi. Mlango umeandikwa "Chumba cha Akina Mama" kwa herufi nzuri, ila ndani kuna maboksi ya karatasi na viti vilivyovunjika. Au chumba ni kisafi, ila ufunguo unatunzwa na mlinzi wa getini, na mama lazima aeleze mbele ya wanaume wanaosaini daftari anautakia nini. Au friji ipo, ila ndiyo hiyo ya soda za wageni. Kila mara kampuni inaweza kusema, bila kudanganya, kwamba chumba ipo nacho.

Sheria ya Kenya ilijaribu kuziba mianya hiyo. Kifungu cha 71 kinataja sehemu ya kunawia mikono, friji au kifaa cha kupozea, soketi ya umeme kwa ajili ya pampu, meza ndogo na viti vya kukalia kwa raha. Kinakataza chumba hicho kuwa chooni. Aliyeandika hivyo bila shaka aliwahi kusikia mama wakieleza wanavyokamua maziwa wakiwa wamekaa juu ya mfuniko wa choo. Pia kinakataza kutangaza au kuuza maziwa ya kopo humo.

Kifungu kinachofuata, cha 72, kinatoa muda wa kunyonyesha au kukamua mbali na muda wa chakula, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi na unalipwa. Lakini usizidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, na saa hiyo inajumuisha kutembea kwenda chumbani na kurudi.

Kwa ofisi ya ghorofa moja hilo si neno. Kwa shamba au kiwanda kikubwa, hesabu inauma. Chumba kikiwa umbali wa dakika 8, kwenda na kurudi ni dakika 16. Mama akienda mara tatu, dakika 48 zimeishia njiani, na zimebaki 12 za maziwa, yaani dakika 4 kila mara. Hata pampu ya umeme haimalizi kazi kwa dakika 4. Akienda mara mbili anabakiwa na dakika 14 kila safari, akikimbia. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri si kama ana chumba tu. Ni hatua ngapi kutoka kwenye meza ya mama hadi kwenye kiti cha chumba hicho.

Tanzania imekwenda kwa njia nyingine. Kifungu cha 33 cha sheria ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Ni muda mrefu kuliko wa Kenya. Lakini kifungu kilivyoandikwa kinamfikiria mama mwenye mtoto karibu, anayeweza kuvuka barabara, akanyonyesha na kurudi. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta hawezi kumfuata mtoto na kurudi ndani ya saa 2 kwa daladala. Waajiri wengi wanaotaka kuwa waungwana hupatana na mama aingie kazini saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Ni msaada mkubwa kwa familia. Hata hivyo, saa zote za katikati titi linabaki limejaa, na kama hakuna mahali pa kukamua, tatizo la mwili liko palepale.

Anayebanwa ni msimamizi

Katika kampuni nyingi, anayeamua kama mama atakamua leo si mkurugenzi aliyesaini sera. Ni supavaiza. Na supavaiza anapimwa kwa kitu kingine kabisa.

Katika laini ya ushonaji, mmoja anashona kola, anayefuata anashona mkono, mwingine anatia vifungo. Mmoja akiinuka kwa dakika 25, nguo zinarundikana mbele ya kiti chake na waliomfuata wanakaa bure. Jioni supavaiza anaulizwa idadi ya mashati, haulizwi idadi ya mama waliokamua. Akimnunia anayeomba ruhusa, hafanyi hivyo kwa sababu ana roho mbaya. Kampuni imemwekea malengo mawili yanayogongana na kumwachia ayapatanishe mwenyewe. Dawa inajulikana viwandani: mtu mmoja anayejua kushona hatua kadhaa, anayejaza nafasi ya anayeinuka. Mtu huyo ana mshahara, na hapo ndipo sera inapogeuka kuwa pesa.

Benki nako kuna lake. Mhudumu wa dirishani haachi droo ya fedha wazi. Lazima afunge hesabu, afungie fedha, aweke kibao, huku foleni ikimtazama. Mwalimu ana ratiba ya vipindi. Darasa la watoto wadogo haliachwi peke yake. Na muuguzi, anayewafundisha wenzake wodini namna ya kumweka mtoto kwenye titi, anaweza kumaliza zamu yake yote bila kupata nafasi ya kukamua. Sekta ya afya ingefaa iwe ya kwanza kuaibika.

Gumu kuliko yote ni malipo kwa kipimo. Wachuma chai katika mashamba ya Kericho hulipwa kwa kilo wanazopima. Mchuma anayelipwa hivyo akiambiwa kuwa ana saa 1 ya kunyonyesha yenye malipo, atauliza malipo ya kilo ngapi. Akienda kunyonyesha kikapu hakijai, na usipowekwa utaratibu wa kufidia muda huo, haki inabaki kwenye karatasi na yeye mwenyewe ndiye atakayeamua kutokwenda.

Kinachoisogeza kampuni

Hata hivyo Kericho ni mahali pa kujifunza. Taasisi ya utafiti ya APHRC yenye makao Nairobi ilifanya kazi katika shamba la chai huko kujaribu mpango wa mahali pa kazi panapomjali mtoto. Kilichojitokeza, huko na kwingine, ni kwamba chumba peke yake hakifiki mbali. Lazima wasimamizi wafundishwe, chumba kiwe karibu na wanakochuma, na mahali pa kulea watoto pawe jirani. Tena mashamba ya namna hiyo yana msukumo ambao duka la Kariakoo halina: mnunuzi wa nje. Viwango vya Fairtrade na Rainforest Alliance, ambavyo mashamba ya chai na maua huvihitaji ili kuuza Ulaya, vina vipengele vya likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha. Mkaguzi anapokuja anaweza kuzungumza na wafanyakazi. Kampuni ambayo haikuisikia sheria ya nchi huisikia sauti ya mteja.

Msukumo wa pili ni chama cha wafanyakazi. Mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama kama TUICO kwa Tanzania au KPAWU kwa wafanyakazi wa mashambani Kenya unaweza kutoa zaidi ya sheria, na una faida moja ambayo sera ya kampuni haina: haubadilishwi na meneja mpya akiamka vibaya. Inashangaza jinsi hoja za mishahara zinavyokula mazungumzo yote na suala la kunyonyesha kuachwa kwa "mambo ya akina mama".

Wa tatu ni nani analipa. Kenya, mshahara wote wa likizo ya uzazi unatoka mfukoni mwa mwajiri. Mwenye kampuni ya watu 8 anapomwona binti aliyeolewa karibuni kwenye usaili, anapiga hesabu ambayo hataisema kwa sauti. Ni ubaguzi, na hakuna wa kuutetea, ila umejengewa njia na mfumo wenyewe. Rwanda ilijaribu kuibomoa njia hiyo. Mwaka 2016 ilipitisha sheria ya bima ya uzazi: mwajiri na mwajiriwa kila mmoja anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, wanaume kwa wanawake, na mfuko wa hifadhi ya jamii (RSSB) unabeba malipo ya sehemu ya pili ya likizo. Mwaka 2023 likizo hiyo iliongezwa kutoka wiki 12 hadi 14, kiwango cha chini kinachotajwa na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2000. Gharama ikigawanywa kwa wote, mwanamke mmoja haonekani tena kuwa mzigo wa kampuni moja.

Na upo msukumo wa nne, unaopotea kila mwezi bila mtu kuuona. Mchumi Albert Hirschman aliandika kitabu mwaka 1970 akieleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili kuu, kuondoka au kusema. Mama wengi huchagua kuondoka. Wanarudi kutoka likizo, wanahangaika miezi miwili, kisha wanaandika barua ya kuacha kazi. Kwenye sababu wanaandika "za kifamilia", kwa sababu hawataki kuharibu uhusiano na wanahitaji barua ya utambulisho. Kampuni inasoma "za kifamilia", inafunga faili, inatangaza nafasi, inafundisha mtu mpya kwa miezi kadhaa. Haikujifunza kitu. Kwa hesabu yake yenyewe, hakuna aliyeondoka kwa sababu ya chumba.

Anayeomba, aombe lini na vipi

Wakati mbaya wa kuomba ni siku ya kwanza ya kurudi, macho yamevimba kwa kukesha, na supavaiza ameshapanga zamu. Wakati mzuri ni kabla ya likizo kuanza. Sheria ya Tanzania inamtaka mama amjulishe mwajiri nia ya kuchukua likizo angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, akiwa na cheti cha daktari. Barua hiyohiyo inaweza kubeba aya moja zaidi: nitakaporudi nitahitaji kukamua mara mbili au tatu kwa siku, naomba tukubaliane mahali na saa. Nakala ibaki nyumbani. Ombi la maandishi linamsaidia hata msimamizi, maana naye anapata karatasi ya kumwonesha bosi wake mashati yakipungua.

Wawili au watatu wakiomba pamoja ni bora zaidi, akiwemo anayetarajia mwakani na aliyepita mwaka jana. Na waombe kitu kinachoshikika. "Mazingira rafiki" ni maneno ambayo kampuni inaweza kuyakubali bila kufanya lolote. Mlango unaojifunga kwa ndani, ufunguo unaokaa na mama wenyewe, kiti, soketi, maji, friji ndogo, na jina la mtu atakayeshika nafasi saa 4 na saa 8: hayo yanaonekana yakikosekana.

Likizo ya mwaka nayo isisahaulike. Tanzania ni siku 28, Kenya si chini ya siku 21 za kazi, na ni tofauti na ya uzazi; mwajiri haruhusiwi kula moja kwa kisingizio cha nyingine. Mama aliyeitunza akaiunganisha anasogeza siku ya kurudi kazini karibu mwezi mzima, na kwa mtoto wa wiki 12 mwezi ni umri mkubwa. Waliojifungua kabla ya wakati Tanzania waulizie pia marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, yaliyoongeza muda kwa ajili yao.

Baba ana nafasi hapa kuliko anavyodhani. Kenya inampa wiki 2 za likizo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilianza na siku 3, ambazo zinaisha kabla kitovu hakijakauka. Lakini kazi ya baba kwenye suala hili inakuja baadaye, jioni: kuosha na kuchemsha vyombo vya kukamulia, kuandika tarehe kwenye vichupa, kumlisha mtoto maziwa yaliyokamuliwa mama akiwa bado njiani.

Maziwa yenyewe yana kanuni chache. Mikono ioshwe kwa sabuni, chombo kiwe kimeoshwa na kuchemshwa, chenye mfuniko. Yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, na "kawaida" hapo ni nyuzi 25 au chini yake. Ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi huwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo yasisubiri mezani. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Mfuko wa kupozea wenye barafu unayatunza hadi saa 24, muda unaotosha kabisa kwa safari ya kurudi nyumbani hata siku ya foleni mbaya. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, yasichemshwe jikoni wala kuwekwa kwenye maikrowevu. Kikombe kidogo kilicho wazi ni salama na rahisi kusafisha kuliko chupa yenye chuchu. Yaliyotangulia kukamuliwa yatumike kwanza.

Mazoezi yaanze wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Mtoto anahitaji kujua kikombe, na anayebaki naye anahitaji kujua kwamba mtoto akilia si lazima apewe uji.

Anayebaki naye, kwa nyumba nyingi za mjini, ni dada wa kazi. Naye ni mwajiriwa, na mwajiri wake ndiye huyo mama anayeandika barua kwa ofisi yake. Sheria za ajira za Tanzania na Kenya hazimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Akipata ujauzito, siku 84 au miezi 3 ni zake pia, na mshahara wake. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba anapewa nauli ya kwenda kwao na mwingine anatafutwa wiki hiyohiyo, bila sera yoyote ukutani.

Kwa aliyenyimwa kabisa, njia ya kwanza ni kuandika kwa idara ya rasilimali watu na kusubiri jibu la maandishi. Likikosekana, Kenya aende ofisi ya kazi ya kaunti, na shauri linaweza kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ujauzito si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi katika nchi zote mbili. Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na hapo siku zinahesabiwa: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa, na kwa migogoro mingine ni siku 60. Mama aliye nyumbani na mtoto mchanga hupoteza siku hizo bila kujua, kwa hiyo afadhali ndugu au mume apeleke macho kwenye kalenda mapema.